Mita imetengenezwa lakini bado inadanganya: pa kuanzia kabla ya kugusa trima

Mteja akirudisha multimita wiki moja baada ya kutengenezewa, malalamiko huwa mafupi: "Fundi, hii kitu inaniambia betri ya pikipiki iko 13.4, na stata hata haikohoi." Betri ya risasi ya 12 V iliyojaa, ikipumzika saa chache bila chaja, hukaa karibu 12.6 au 12.7. Kwa hiyo 13.4 ni uongo wa asilimia sita. Hapo wengi hufungua kifuniko, wakaitafuta trima (rezista ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi) na kuizungusha mpaka skrini iseme 12.60. Mita inaonekana imepona. Kesho yake mwenyewe anaweka betri mpya ya 9 V ndani, na sasa mita inasoma 11.85 kwenye betri ileile ya pikipiki.

Ugonjwa ulikuwa betri ya 9 V iliyochoka. Trima haikuwa na kosa lolote, na sasa inalo.

Haya yanahusu mita za tarakimu tatu na nusu (zinazohesabu hadi 1999), familia ya DT-830 na jamaa zake, zinazojaa mezani kwa mafundi kuanzia Kondele na Kibuye jijini Kisumu hadi Nakuru. Ndani mna chipu ya aina ya ICL7106 au nakala yake, mara nyingi ikiwa chini ya tone jeusi la gundi. Chipu hiyo haijui volti, inajua uwiano. Inachukua volti iliyofika mlangoni, inaigawa kwa volti rejea ya 100.0 mV, inazidisha kwa 1000 na kuandika jibu. Kazi ya trima, ambayo kwa kawaida imeandikwa VR1, ni moja tu: kuiweka hiyo 100.0 mV. Volti rejea ikishuka, vipimo vyote vya volti na ampia vinapanda, na vinapanda kwa asilimia ileile.

Volti rejea inakatwa kutoka kwenye volti kama 2.8 ambazo chipu inazitengeneza kati ya chanya ya betri na COM (njia ya probu nyeusi). Zinasimama imara betri ya ndani ikiwa juu ya takriban 7 V. Chini ya hapo zinalegea, na ndiyo maana mita yenye njaa hutia chumvi. Omu ziko kivyake: hapo chipu inalinganisha rezista unayopima na rezista iliyo ndani ya mita, na trima haina sauti. Tofauti hiyo ndiyo kifaa chako cha kwanza cha uchunguzi, na haikugharimu shilingi.

Angalia kosa linakaa wapi

Kabla ya kushika bisibisi, pima kitu kimoja unachokijua katika renji zote zinazokipokea, na uandike karatasini. Kosa huja kwa sura tatu. Likiwa asilimia ileile katika renji zote za volti huku omu zikiwa sawa, tafuta kwenye betri, volti rejea au trima. Likiwa katika renji moja au mbili na nyingine ziko sawa, kuna rezista imebadilika au swichi haigusi vizuri. Likiwa idadi ileile ya tarakimu bila kujali unapima nini, tuseme inazidi 7 ukipima volti 2 na inazidi 7 ukipima volti 15, hapo umeme unavuja kwenye bodi, na mara nyingi ni uchafu wa solda.

Trima inatibu sura ya kwanza peke yake, tena baada ya betri kuondolewa lawama. Ukiitumia kwa sura ya pili au ya tatu, umeponya renji moja kwa kuziambukiza nyingine.

Unalinganisha na nini?

Umeme wa ukutani si kipimo. Jina lake ni 240 V, lakini jioni majirani wakiwasha pasi na heta unaweza kuwa chochote. Betri mpya ya 9 V nayo si kipimo. Unahitaji chanzo au mita ambayo kosa lake halizidi robo ya kosa unaloliruhusu. Mita ya 0.5% inataka rejeleo la 0.125% au bora zaidi.

Njia rahisi ni kuazima mita ya tarakimu nne na nusu iliyokaguliwa karibuni, kuiunga sambamba na mgonjwa, na kuzilisha zote mbili kutoka chanzo kimoja tulivu: betri, potenshomita ya 1 kΩ na kapasita ya 10 µF. Zikiwa sambamba, volti ikishuka kwa sababu ya mzigo wa mita, inashuka kwa zote. Njia ya pili ni bodi ndogo ya AD584 (chipu ya volti rejea) yenye pini za 10, 7.5, 5 na 2.5 V. Soma herufi iliyo mwishoni mwa jina la chipu. AD584J inaruhusiwa kukosea hadi 30 mV kwenye 10 V, yaani 0.3%, na hiyo haitoshi. AD584K ni 10 mV, inatosha. Ikiwa bodi hiyo imekuja na karatasi ya namba zilizopimwa, ziamini baada ya kuzilinganisha na mita nzuri hata mara moja.

Kwa omu, nunua rezista tano za 0.1%: 100 Ω, 1 kΩ, 10 kΩ, 100 kΩ na 1 MΩ. Zifunge kwenye kipande cha plastiki na usizishike kwa vidole ukipima ile ya 1 MΩ, kwa sababu mwili wako nao ni rezista.

Joto pia lina sauti. Usahihi ulioandikwa kwenye kijitabu cha mita kwa kawaida ni wa nyuzi 18 hadi 28. Chini ya mabati Kisumu saa nane mchana umeshapita hapo, kwa hiyo sawazisha asubuhi. Nakuru, kwa kuwa iko juu zaidi, haina shida hiyo sana. Ukishatoa chuma cha solda kwenye bodi, iache nusu saa. Rezista yenye moto inasoma vingine, na anayesawazisha bodi moto atasawazisha tena kesho.

Volti zote zinazidi au zinapungua kwa asilimia ileile

Weka betri mpya ya 9 V, kisha upime volti zake mita ikiwa imewashwa. Ikiwa ni juu ya 8 na kosa limekwisha, umemaliza. Likibaki, pima kwa mita nyingine kati ya REF HI na REF LO (pini ya 36 na ya 35 kwenye chipu yenye miguu 40, kwenye tone jeusi, pima kati ya mguu wa kati wa trima na COM). Unatafuta 100.0 mV. Ikiwa iko mbali sana, sema 80 au 130, usiisukume kwa trima. Trima yenye afya haiendi mbali hivyo yenyewe. Ama mguu wake umepasuka solda, ama rezista moja kati ya zile zinazoikatia volti imebadilika. Gonga trima taratibu kwa kijiti cha plastiki ukitazama skrini: namba zikiruka, badilisha trima yenyewe.

Ikiwa volti rejea ni 100.0 kabisa na bado volti zote zina kosa, rudi nyuma uangalie probu zako na swichi.

Renji moja imekosea: ngazi ya rezista

Hapa ndipo mita nyingi zilizoungua huishia, na hapa ndipo trima hutumiwa vibaya zaidi.

Katika mita hizi, rezista zinazogawa volti ndizo hizohizo zinazotumiwa kama rejeleo la omu. Zimepangwa kama ngazi kutoka mlango wa volti hadi COM: 900 kΩ (mara nyingi 548 na 352 zikiwa pamoja), 90 kΩ, 9 kΩ, 900 Ω, 90 Ω, 9 Ω, 0.99 Ω na waya mnene wa 0.01 Ω. Jumla ni 1 MΩ. Renji ya 2 V inachota kwenye daraja la 100 kΩ kutoka chini, 20 V kwenye 10 kΩ, 200 V kwenye 1 kΩ, na ile kubwa kabisa kwenye 100 Ω.

Sasa mtu anachomeka probu kwenye soketi ya ukuta huku kisu cha swichi (kile cha kuzungusha kuchagua renji) kikiwa kwenye omu. Mita inatoa moshi. Fundi anabadilisha kilichoungua wazi, mita inawaka, lakini ile 900 Ω iliyobaki imepikwa na sasa ni 1.2 kΩ. Rangi zake bado zinasomeka vizuri. Ngoja uone namba:

Rezista ya 1 kΩ kwenye renji ya 2k inasoma 769.
Rezista ya 10 kΩ kwenye renji ya 20k inasoma 9.71.
Volti 30.0 kwenye renji ya 200 V zinasoma 39.0.
Betri ya 12.60 kwenye renji ya 20 V inasoma 12.97.
Volti 1.500 kwenye renji ya 2 V zinasoma 1.504.
Renji ya 200 mV haina kosa lolote.

Tazama jinsi kosa linavyofifia: 30%, kisha 3%, kisha 0.3%. Na tazama omu zikipungua huku volti zikizidi. Kosa moja, pande mbili. Ukiona omu na volti zinavutana hivyo, na renji ya 200 mV imetulia, rezista ya ngazi imebadilika, na renji yenye kosa kubwa zaidi inakutajia ni ipi. Aliyezungusha trima ili 12.97 irudi 12.60 ameipotosha 200 mV kwa karibu 3% na bado 200 V inadanganya.

Ng'oa mguu mmoja wa rezista unayoishuku kabla ya kuipima. Ikiwa ndani ya saketi utapima na majirani zake. Rezista ya 900 Ω kamili haipatikani kwa urahisi madukani. Chukua 910 Ω ya filamu ya chuma, iunge sambamba na 82 kΩ, utapata 900.0. Kwa kuwa 910 yenyewe inaweza kuwa 905 au 915, ipime kwanza kwa mita nzuri kisha uchague ya pili kulingana nayo. Kwa 0.99 Ω, sambamba ya 1 Ω na 100 Ω inakupa 0.990. Usiweke rezista ya 5% "kwa muda". Muda huo hauishi.

Angalia pia kidonge cha PTC (rezista ya kinga ambayo ukinzani wake hupanda ikipata joto) kilicho kwenye njia ya omu. Kikiungua, omu zote zinakufa au zinarukaruka huku volti zikiendelea kama kawaida.

Na kama renji inakosea leo na kesho iko sawa, au inabadilika ukiibonyeza swichi kwa kidole gumba, hakuna rezista ya kubadilisha. Fungua, safisha njia za shaba za swichi, na uangalie vile visahani vya shaba chini ya kisu: kimoja kikipinda kidogo wakati wa kufunga, kinagusa nusu. Shikilia kisu unapokitoa, maana zile gololi mbili na springi zake huruka, na kuitafuta gololi kwenye sakafu ya udongo ni kazi ya mchana mzima.

Tarakimu za ziada zisizotoka

Gusanisha probu kwenye 200 mV. Inapaswa kusoma 00.0, ikizidi sana 00.1. Halafu ziachanishe kwenye renji ya 2000k: skrini ionyeshe 1 peke yake upande wa kushoto, alama ya kuzidiwa. Ikionyesha namba, tuseme 1640, kuna njia ya umeme juu ya bodi ambayo haikuchorwa na aliyeitengeneza mita.

Mara nyingi njia hiyo ni pesti. Ile pesti ya asidi ya kuungia mabati na mabomba inasafisha shaba vizuri, kisha inabaki ikinyonya unyevu wa hewa. Kisumu na Kakamega msimu wa mvua, bodi iliyokuwa sawa Jumatatu inavuja Alhamisi. Safisha kwa isopropili ya 99% na mswaki laini, mara mbili, na ukaushe kwa hewa vuguvugu. Jihadhari na spiriti ya duka la dawa: nyingine imetiwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yanabaki kwenye bodi. Ukiwa hapo, toa na maiti za wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku. Wanaingia kwenye kila tundu, na wakilowa unyevu wanapitisha umeme.

Jambo linalofanana na hili lakini si hili: kipande kimoja cha tarakimu kisipowaka, 8 inaonekana 6 au 9, na mtu anaapa mita imekosea. Safisha ule mpira wenye milia kati ya skrini na bodi kabla ya kuhukumu. Kwenye chipu ya miguu, gusanisha pini ya TEST na chanya kwa sekunde moja tu na skrini itaandika -1888. Usishikilie, skrini inaungua.

Chanya na hasi hazilingani

Pima 1.500 V, kisha geuza probu. Tofauti ya tarakimu moja inavumilika. Ukipata 1.500 na -1.512, tazama kapasita ya rejea ya 0.1 µF na usafi wa bodi kuizunguka. Ikivuja, upande mmoja unapotea. Ikiwa aliyetengeneza kabla yako aliweka seramiki mahali pa kapasita ya kujumlisha (0.22 µF kwenye saketi nyingi za chipu hii), mita itakuwa sawa katikati na kupotoka mwishoni mwa renji. Hapo panahitaji kapasita ya filamu, polipropili ikipatikana.

Ampia

Miliampia zikifa kabisa, anza na fyuzi. Ukikuta waya wa shaba mahali pake, umeshajua kwa nini 0.99 Ω imeungua.

Soketi ya 10 A katika mita hizi za bei ya chini haina fyuzi, inategemea ule waya mnene tu. Kuikagua, chukua betri ya 12 V na taa ya mbele ya gari ya 55 W, inayovuta ampia kama 4.6, ya pikipiki ya 35 W inavuta karibu 3. Unga mita mbili kwa mfululizo, yako na ya rejeleo, na usome ndani ya sekunde kumi. Volti ziwe zimeshasawazishwa kwanza, kwa sababu ampia zinatumia volti rejea ileile.

Mita ikisoma pungufu, waya una ukinzani mdogo mno: uminye kidogo kwa koleo au uupige tupa kidogo katikati, kisha upime tena. Ikizidi, ongeza solda kidogo kwenye mguu wake ili sehemu inayofanya kazi iwe fupi. Kuminya ni rahisi kuliko kurudisha, kwa hiyo nenda kwa pole. Acha upoe kila mara. Ikiwa waya umebadilika rangi kwa moto au umeunguza bodi chini yake, hakuna kuminya kutakakousaidia, weka mwingine.

Volti za AC

Mita hizi zinakata nusu ya wimbi kwa daiodi, zinapima wastani, na kuandika namba kana kwamba wimbi ni la sini safi. Mwenye sola akilalamika kwamba inveta yake ya bei ndogo inasoma 190, mita huenda haina kosa: wimbi la ngazi linaidanganya. Usiisawazishe kwa inveta hiyo. Transfoma ya 12 V nayo haifai, kwa sababu daiodi inakula karibu nusu volti na kipimo kinapungua. Tumia ya 24 V au zaidi, sambamba na mita ya RMS halisi (isiyodanganywa na sura ya wimbi). Ikiwa DC ziko sawa na AC peke yake imekosea, pima daiodi hiyo kabla ya chochote.

Sasa trima

Betri mpya, bodi safi na baridi, omu sahihi, ngazi sahihi. Weka renji ya 2000m (ndiyo ile ya 2 V) na ulishe 1.900 V kutoka chanzo chako, mita ya rejeleo ikiwa sambamba. Tumia bisibisi ya plastiki. Ya chuma inaongeza mkono wako kwenye saketi. Sogeza trima upana wa unywele, ondoa mkono, subiri namba itulie, rudia. Ukifika 1.900, nenda 10 V kwenye renji ya 20 V. Kwa mita ya ±(0.5% na tarakimu 2), hesabu ni 0.05 na 0.02, yaani chochote kati ya 9.93 na 10.07 kinapita. Ikiwa 1.900 iko sawa lakini 10 V inasoma 10.15, acha trima mahali pake na urudi kwenye ngazi.

Funika trima kwa tone la rangi ya kucha, funga kifuniko, kisha upime tena ikiwa imefungwa. Skrubu zikikazwa, bodi inajipinda kidogo na swichi inagusa vingine. Mita iliyokuwa sawa mezani ikiwa uchi inaweza kutoka na kosa ikiwa imevaa.

Ukifungua mita ya kisasa usione trima, usiitafute. Marekebisho yameandikwa kwenye kumbukumbu ndogo, kwa kawaida chipu ya miguu minane ya aina ya 24C02. Ukiibadilisha, au ukihamisha bodi kutoka mita nyingine, umehamisha au kupoteza namba zake. Nakili kumbukumbu hiyo kwa kisomeo kama CH341A kabla ya kuiwekea chuma cha moto.

Mteja akiitaka mita kwa kazi ya kiwanda au ya ukaguzi, mwambie mapema kwamba karatasi yako si cheti. Cheti kinatoka KEBS (shirika la viwango la Kenya) au maabara iliyoidhinishwa na KENAS (shirika la ithibati la Kenya) kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha maabara za upimaji. Kwa wengine, bandika kipande cha karatasi ndani ya kifuniko: tarehe, volti za betri ya 9 V, na ulichosoma kwenye 1.900 V, 10.00 V, 1 kΩ na 100 kΩ. Ikirudi mwakani, utalinganisha na namba hizo kabla hujafungua skrubu hata moja.